Lugembe na Mkwe Asiye na Miguu

— Ngano, ngano!
— Itambae ije!
— Ina kichwa?
— Inacho!
— Ina mkia?
— Inao!
— Ina miguu?
— Haina hata mmoja!

Basi sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia ndani au toka nje, usinizibie hewa.

Hapo zamani za kale, jembe lilipokuwa la mti na mbu hajajifunza kuimba, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwabuluma, huko Usukuma, kwenye majabali. Watu wa Mwabuluma walikuwa wacheza ngoma, na ngoma yao ilikuwa ngoma ya nyoka. Mavuno yakiisha, maghala yakijaa, nyoka hutolewa, ngoma hupigwa, vijiji vyote huja kutazama. Wengine hutazama wakiwa juu ya miti. Siwalaumu.

Nyoka mkubwa kuliko wote alikuwa chatu wa Bi Minza. Jike. Mrefu, watu watatu wakilala kichwa kwa miguu hawamfikii. Mnene kama paja la mpiga ngoma. Na jina lake aliitwa Mkwe Mkubwa.

Mnacheka? Chekeni, lakini ngojeni niwaambie. Bibi zake Bi Minza walikuwa na akili. Walijua kuwa mwanamume ukimwambia, "Usifanye hivi, utaumia," atafanya, ili aone ataumiaje. Lakini mwambie, "Huyu ni mkweo." Ahaa! Mwanamume huyo huyo atashuka njia, atainamisha kichwa, atapita majanini kwa adabu zake zote. Ndiyo maana chatu akaitwa Mkwe, na adabu za mkwe zikawa adabu zake.

La kwanza: chumbani kwa mkwe huingii.
La pili: mkwe humpi mkono.
La tatu: kwa mkwe huendi peke yako.

Tena kulikuwa na desturi. Kijana akitaka kuoa binti wa nyumba ile, atakaa kwenye kitongoji cha wakwe zake miezi mitatu, na kila mwezi ukiandama atamlisha Mkwe Mkubwa mlo mmoja. Milo mitatu ikitimia kwa adabu, achukue mke aende. Akikosea adabu, je? Anarudi kwao kama alivyokuja, na njiani asimsalimie mtu.

Sasa ng'ambo ya mto palikuwa na kijana mmoja, Lugembe. Kazi yake kuchinja mbuzi. Kifua kipana, mikono mizito, sifa mpaka mlima wa pili. Mbuzi mzima alimchuna ngozi kabla maji hayajachemka. Na Lugembe alimpenda Holo, binti wa Bi Minza. Alimpenda jamani! Akiletewa ugali anamwona Holo, akiletewa mchuzi anamwona Holo, akilala ndiyo kabisa.

Holo naye alimpenda. Ila alikuwa na neno lake moyoni. Huyu bwana, wema anao, nguvu anazo, lakini kusaidiwa hataki. Gogo la watu wanne atalibeba peke yake, mgongo ulie kwa! na ukimuuliza anakwambia, "Hapana neno." Mwaka mmoja alitumbukia kwenye shimo la mchwa mpaka kiunoni. Watu wakapita: "Lugembe, vipi huko?" Akajibu, "Napunga upepo." Alipunga upepo mpaka alasiri.

"Mama," Holo alimwambia mama yake, "nampenda, lakini mtu asiyeita, nitaishi naye vipi?"

"Mlete amlishe Mkwe," Bi Minza akasema. "Tutamjua tu."

Lugembe akaja. Akasimama nje ya ua, kama inavyompasa mkwe, akapiga hodi, akainama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Unanuka mbuzi."

"Ndiyo kazi yangu, Mama."

"Kazi njema. Lakini hapa kwetu hiyo kazi iache mtoni. Osha mikono kwa majivu. Osha mara moja, osha mara mbili, osha mara tatu. Halafu pikicha majani ya mkunde. Chatu macho yake si hodari, anakujua kwa harufu na kwa joto. Mkono unaonuka mbuzi, kwake yeye ni mbuzi. Hatauliza jina lako."

Lugembe akaosha mara moja, akaosha mara mbili, akaosha mara tatu.

Bi Minza akampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kibanda cha udongo chenye mlango mfupi, ndicho chumba cha Mkwe Mkubwa. Ubavuni mwa kibanda palilazwa lindo, yaani lile pipa kubwa la magome ya mti ambalo watu hutilia mtama. Lindo lina kifuniko juu. Kati ya lindo na kibanda, ubao. Ukiinua ubao, chatu anatambaa mwenyewe kutoka kibandani kuingia lindoni. Ukishusha, yuko lindoni.

"Chakula chake ni lindoni," Bi Minza akasema. "Siku zote ni lindoni. Kibandani hali hata panya. Unajua kwa nini?"

"Ni heshima, Mama. Ni mkwe."

"Heshima sawa. Lakini pia siku moja utataka kufungua mlango wa kibanda kufagia. Ukiwa umemzoesha kula kitandani, kila mlango ukifunguka kwii! yeye anajua mlo umefika. Na mlo utakuwa wewe na ufagio wako."

Lugembe akacheka. Bi Minza hakucheka. Akamkabidhi koleo la mti, refu kama mpini wa mkuki, lenye meno mawili mbele. Chakula kinabanwa huko mbele, mtu anabaki huku nyuma. Tena mnyama anayeliwa awe amekwisha kufa. Sungura akiwa hai anarusha mateke, panya akiwa hai anauma, mbuzi ana pembe, na chatu mwenye jicho bovu haendi ngomani. Mnyama huyo aanikwe juani kidogo, apate vuguvugu, aingizwe kwa koleo.

"Na mtu wa pili lazima awepo," akamaliza Bi Minza. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja analisha, mmoja ameshika ubao. Akishiba anarudi chumbani kwake mwenyewe, na siku saba haguswi na mtu. Ukimgusa, atatapika, na mimi nitakutapika wewe."

Mlo wa kwanza ukaja. Lugembe akaosha mikono. Kasubi, mpiga ngoma wa jirani, akashika ubao. Ubao juu! Mkwe akatambaa ssss, akaingia lindoni. Ubao chini! Sungura akashuka kwa koleo. Pap! Mkwe akamdaka, akamzonga, akammeza pole pole bila haraka. Bi Minza akakubali kwa kichwa: "Mmoja."

Mlo wa pili ukaja. Lugembe akaosha mikono. Kasubi akashika ubao. Ubao juu! Ubao chini! Kanga akashuka kwa koleo. Pap! Bi Minza akakubali kwa kichwa: "Miwili."

Mlo wa tatu... Mbona mnaniangalia hivyo? Mlo wa tatu bado. Ngojeni nimeze mate.

Mnajua mazoea. Mazoea yana taabu. Baada ya milo miwili Lugembe akaanza kutembea kwa mbwembwe. Akipita karibu na kibanda anasalimia, "Mkwe, umeamkaje?" na anajijibu mwenyewe, "Salama, mwanangu." Akamwambia Kasubi, "Mimi na mama yule tumezoeana. Ananipenda."

Kasubi alikuwa mtu wa utani, ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko fimbo zake za ngoma. Akasema, "Anakupenda, lakini bado unampa chakula ukiwa kijiji cha pili. Mwanamume mzima na koleo! Unamwogopa mkwe asiye na hata miguu ya kukukimbiza?"

Lilikuwa neno la mzaha. Lakini lilimwingia Lugembe moyoni, likakaa.

Mwezi wa tatu ukaandama. Ndugu zake Lugembe wakaleta habari: tunakuja leo jioni kumchukua bibi harusi, tayarisha kitoweo. Lugembe akafurahi, akachinja mbuzi wawili asubuhi ile ile. Mmoja wao, mchanga, akamtenga bila kumchuna kwa ajili ya Mkwe. Mlo wa tatu leo, harusi leo, nyumbani leo!

Akaenda uani. "Hodi, Mama! Nimekuja kulisha."

Bi Minza alikuwa anafunga kanga kiunoni, anatoka. "Binamu yangu amejifungua huko jabalini, nakwenda kumpa hongera. Holo yuko mtoni. Utalisha kesho."

"Mama, ndugu zangu wanakuja leo."

"Watalala. Mikeka ipo."

"Mama, lakini..."

"Mkwe," akasema Bi Minza, "aliyengoja miezi mitatu hafi akingoja mpaka asubuhi moja." Akaenda zake.

Lugembe akakaa kwenye kinu. Akainuka. Akakaa tena. Akatazama jua, jua linapanda. Akatazama mbuzi, nzi wanatua. Akajisemea, "Ah! Milo ni milo. Nikishalisha nimelisha. Nani ataona?"

Akanyanyua ubao wa lindo, akaushikilia peke yake. Mkwe hakutoka. Alikuwa amejikunja kibandani, amestarehe. Lugembe akangoja. Mkwe hakutoka. Akapiga mluzi. Jamani, chatu hana masikio, anapigiwa mluzi wa nini?

"Haya," akasema Lugembe, "usipokuja nitakuja."

Akaacha ubao. Akaacha koleo. Mikono je? Ile mikono iliyochinja mbuzi wawili asubuhi? Haikuona majivu wala jani la mkunde. Akashika mbuzi mguu kwa mkono wake wa kuume, akainama, akafungua mlango mfupi, kwii! akaingia.

Chumbani kwa mkwe! Kwa mkono! Peke yake! Yote matatu kwa mpigo mmoja. Ukitaka kukosa, kosa kama Lugembe, usibakize.

"Karibu mlo, Mama," akasema kwa upole, akanyoosha mkono.

Sasa nyinyi pimeni. Mbuzi amekwisha kupoa, mkono una moto. Mbuzi ananuka mbuzi, mkono unanuka mbuzi wawili. Ungekuwa wewe chatu ungechagua kipi?

Pap!

Mkwe akaushika mkono. Meno ya chatu yametazama nyuma kama miiba ya ndoana: kuingia ni rahisi, kutoka ni kilio. Lugembe akavuta, meno yakazama. Na kabla hajasema "yalaa," mzunguko wa kwanza ukapita kwapani, ukakaza.

Lugembe akafungua kinywa apige kelele. Kelele ikafika kooni, ikasimama. Akajiambia, "Nikipiga kelele, watu watakuja. Watu wakija, wataona niko chumbani. Wataona sina koleo. Wataona niko peke yangu. Nitarudi kwetu bila Holo." Akafumba mdomo. Akaanza kuimba kwa sauti ndogo:

Mkwe wangu, nilegeze,
mimi ndimi mwanao,
mbuzi yuko miguuni,
mimi si chakula chako.

Kasubi akapita nje ya ua, ngoma begani. "Lugembe! Uko wapi? Habari za hapo?"

Jamani, aite! Si aite tu? Mtu yuko hapo hapo nje ya ua!

"Njema!" akajibu Lugembe.

"Mbona sauti imebana?"

"Nafagia! Vumbi!"

"Haya, fagia," akasema Kasubi, akaenda.

Mzunguko wa pili ukapita kifuani. Kila Lugembe akitoa pumzi, Mkwe anakaza. Akitaka kuvuta nyingine, nafasi haipo. Ndivyo chatu alivyo, havunji mtu, anamnyima nafasi. Lugembe akaimba, maneno yakipungua:

Mkwe wangu... nilegeze,
mimi... mwanao,
mbuzi... miguuni,
mimi si... mimi si...

Akapita Bibi Ngolo, jirani, ameshika kibuyu chake kidogo. Kibuyu kile kilikuwa cha pombe kali, yeye anakiita dawa ya kifua. Akasikia mkoromo. "Nani anakoroma mchana huu? Wewe mkwe wa Minza, unaumwa?"

"Naimba, Bibi!"

"Huo ni wimbo?" akashangaa Bibi Ngolo. "Mungu amsaidie Holo." Akapita, ila hakwenda mbali. Akaketi kivulini kumeza dawa ya kifua.

Mzunguko wa tatu. Huo ukapita tumboni ukapanda ukakutana na wenzake. Lugembe akaona mlango wa kibanda unakuwa mwembamba, unakuwa kama uzi. Kile kifua chote, ile mikono yote yenye sifa mpaka mlima wa pili, haikumfaa kitu. Hapo akaogopa. Aliogopa kweli kweli, woga wa mtoto mdogo, na wala hakufikiria tena harusi, ndugu wala sifa. Alifikiri, "Nakufa, na Holo yuko mtoni, na nimekufa kwa kuona haya."

Na hapo ndipo Holo akaingia uani, mtungi kichwani. Akaona koleo limelala chini. Akaona ubao umeshuka, hakuna aliyeushika.

"Lugembe! Uko wapi? Uko salama?"

Pumzi ilikuwa imebaki moja. Ilitosha neno moja tu. Angeweza kusema, "Salama." Lilikuwa mdomoni tayari, limezoea kutoka. Mficha maradhi, mwajua wenyewe, kilio humfichua. Lugembe akalimeza lile neno, akasema jingine:

"Nisaidie!"

Wee! Mtungi ulianguka, maji yakamwagika, Holo akapiga ukunga ukafika jabalini. Kasubi akarudi mbio. Bibi Ngolo akaja na kibuyu chake. Kasubi akaingia, akaona, akakimbilia kichwa cha chatu, akashika avute.

"Acha!" Holo akamkemea. "Ukivuta kichwa utamchana mkono mpaka mfupa! Mkia! Shika mkia! Chatu anafunguliwa kuanzia mkiani."

Kasubi akashika ncha ya mkia. Akaizungusha nyuma, mzunguko wa tatu ukaachia. Lugembe akavuta pumzi, hhhaaa! Wakazungusha tena, mzunguko wa pili ukaachia. Wakazungusha tena, wa kwanza ukaachia. Lakini mdomo! Mdomo haukuachia.

Holo akanyoosha mkono. "Bibi, kibuyu."

"Kibuyu gani?" akauliza Bibi Ngolo, anakirudisha nyuma ya mgongo.

"Bibi!"

"Hiyo ni dawa yangu ya kifua!"

"Na hiki ni kifua cha mume wangu!"

Bibi Ngolo akaguna, akafumba macho ili asione hasara, akatoa. Holo akamdondoshea Mkwe pembeni mwa kinywa. Tone moja. Matone mawili. Mkwe akaonja, akachukia, akafungua kinywa mwenyewe. Lugembe akatoka kibandani akitambaa kwa tumbo. Siku ile nyoka walikuwa wawili.

Wakamlaza kivulini, wakamwosha, wakamfunga mkono. Kasubi alikuwa analia, mtani yule. "Ni mimi, ndugu yangu. Ni ulimi wangu." Halafu akainama akanong'ona, "Sikiliza. Bi Minza hajarudi. Tutasema uliangukia miiba ya ua. Bibi Ngolo atanyamaza. Holo atanyamaza. Jioni unaondoka na mkeo."

Holo akasikia. Akamtazama Lugembe tu.

Bi Minza akarudi jua likiwa bado juu, ukunga ulikuwa umemfikia. Na nyuma yake, njia ile ile, ndugu zake Lugembe nao hao wanaingia, wamewahi kabla ya jioni, wamevaa vizuri, wanaimba nyimbo za kuchukua bibi harusi. Wakaona mkono umefungwa, wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mkwe," Bi Minza akasema, "umelisha milo mingapi?"

Kasubi akakohoa, "Miiba, Mama, ile miiba ya..."

"Miwili, Mama," akasema Lugembe.

"Na wa tatu?"

Lugembe akaangalia ndugu zake. Akaangalia nguo zao nzuri. Akasema:

"Mlo wa tatu nilikuwa mimi."

Halafu Bibi Ngolo akaanza, khi! khi! khi! akafuata Kasubi, wakafuata ndugu, uwanja mzima ukacheka mpaka mbwa wakabweka. Lugembe alikaa katikati ya kicheko kile. Alidhani atakufa, hakufa. Akasimulia yote: mlango, mkono, mbuzi wawili wa asubuhi, Kasubi aliyepita akamjibu njema, Bibi aliyepita akamjibu naimba. Hakuficha hata moja.

Bi Minza hakucheka. Alingoja wamalize.

"Adabu umevunja," akasema. "Zote tatu. Desturi inasema urudi kwenu." Holo akashika mkono wa mama yake, akaukamata kwa nguvu. Bi Minza akaendelea, "Lakini desturi inahesabu milo ya Mkwe, na Mkwe hajala. Mbuzi yuko pale pale na nzi wake. Mlo wa tatu haujaliwa, nitauhukumu vipi? Ndugu zako waende. Wewe ukitaka kaa. Mkwe amechafuka moyo na ana pombe ya Ngolo kinywani, hatakula mpaka mwezi mwingine. Ukitaka kwenda, njia ile pale, hakuna atakayekusema."

Ndugu wakaondoka bila bibi harusi. Nyimbo walizokuja nazo wakarudi nazo. Ilikuwa aibu, nisiwadanganye, ilikuwa aibu kubwa. Lugembe akawasindikiza mpaka mtoni, mkono umefungwa, akarudi.

Mwezi mzima akakaa. Watoto wakimwona wanaimba, "Mimi si chakula chako!" Naye anawaitikia. Kulima kwa mkono mmoja hakuwezi, akamwomba Kasubi amsaidie. Neno lile, "nisaidie," mwanzoni lilitoka kama jiwe. Siku ya pili likatoka kama punje. Siku ya kumi Kasubi akalalamika, "Sasa huyu ameninunua!"

Mwezi ukaandama. Watu wote wakaja kutazama. Lugembe akaosha mikono kwa majivu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akapikicha majani ya mkunde. Akasimama mbele ya watu akasema, "Kasubi, nishikie ubao. Holo, simama karibu nami. Bibi Ngolo, kaa na kibuyu chako hapo hapo, tafadhali."

"Sitoi tena!" akasema Bibi Ngolo, lakini akasogea.

Ubao juu! Mkwe akanusa, akatambaa ssss, akaingia lindoni. Ubao chini! Sungura akashuka kwa koleo, mtu huku, chakula kule. Pap! Mkwe akadaka, akazonga, akameza pole pole. Lugembe alitetemeka mikono yote miwili. Koleo lilicheza, watu wakaliona, na yeye hakulificha.

Bi Minza akakubali kwa kichwa. "Mitatu. Mimi nimemaliza, baba. Sasa mwenye kuolewa huyo hapo. Muulize."

Lugembe akageuka. "Holo, twende nyumbani?"

Holo akakunja mikono kifuani. "Na siku ukizongwa tena? Si na chatu. Na njaa, na maradhi, na hasira zako mwenyewe. Utapunga upepo?"

"Hapana."

"Utaimba?"

"Hapana. Nitakuita."

"Hata watu wakisikia?"

Lugembe akatazama umati: watoto, Kasubi, wanawake wenye mitungi, wazee wenye fimbo. Akavuta pumzi ile aliyopewa mara ya pili, kifua kikajaa. "Wasikie," akasema. "Nitaita mpaka ng'ambo."

Holo akainama, akainua mafurushi yake ya nguo yaliyokuwa yamefungwa tangu alfajiri, akamtwika mumewe nusu na nusu akabeba mwenyewe.

— Ngano imeingia shimoni!
— Iache ilale!
— Anayeitaka?
— Apige hodi!
— Akiifuata kwa mkono?
— Shauri yake!
— Akikwama?
— Aite, tuko macho!